Bonde la Chamonix: Michezo ya Theluji na Kanuni Zilizozaliwa na Misiba

Bonde la Chamonix liko mashariki mwa Ufaransa, katika wilaya ya Haute-Savoie, karibu na mahali ambapo mipaka ya nchi hiyo hukutana na ile ya Italia na Uswisi. Mto Arve hupita katikati yake. Upande mmoja umesimama mlima Mont Blanc, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,800 na mrefu kuliko yote katika safu ya Alpi. Upande wa pili ni milima ya Aiguilles Rouges. Mji wa Chamonix wenyewe upo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,035, hivyo mkazi anayefungua dirisha lake asubuhi hutazama juu karibu kilomita nne za mawe, theluji na barafu. Miteremko hiyo ndiyo riziki ya bonde, na ndiyo pia hatari yake.

Kwa karne nyingi wakazi walikuwa wakulima na wafugaji, na barafu waliiogopa kwa sababu iliposhuka ilitishia mashamba na nyumba zao. Mwaka 1741 Waingereza wawili, William Windham na Richard Pococke, walifika huko, na habari zao kuhusu mto mkubwa wa barafu walioupa jina la bahari ya barafu, Mer de Glace, zikaenea Ulaya. Tarehe 8 Agosti, 1786, Jacques Balmat, mtafutaji wa mawe ya fuwele, pamoja na daktari Michel Paccard, wakawa watu wa kwanza kufika kilele cha Mont Blanc. Tangu hapo wageni hawakukoma, na wanakijiji waliojua njia wakageuka waongozaji.

Kazi hiyo haikuwa na utaratibu hadi mwaka 1820, pale maporomoko ya theluji yalipowasukuma waongozaji watatu ndani ya ufa wa barafu wakiwa katika msafara wa kuelekea kileleni. Mwaka uliofuata, 1821, wenzao waliunda Chama cha Waongozaji wa Chamonix. Chama hicho kiliweka zamu ya kazi, kikasimamia malipo, na kikaanzisha mfuko wa kusaidia familia za waliofikwa na ajali. Kipo hadi leo.

Mwaka 1924 bonde lilipata sifa ya namna nyingine. Kuanzia tarehe 25 Januari hadi 5 Februari, wanamichezo wapatao 260 kutoka mataifa 16 walikutana Chamonix kwa mashindano yaliyoitwa Wiki ya Kimataifa ya Michezo ya Majira ya Baridi. Baadaye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliyatambua kuwa ndiyo Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Medali ya kwanza ya dhahabu ilichukuliwa na Mmarekani Charles Jewtraw katika mbio za mita 500 za kuteleza kwa viatu vya barafuni. Kulikuwa pia na hoki ya barafuni, mbio ndefu za skii na kuruka kwa skii. Ajabu ni kwamba skii ya kuteremka mlimani, ambayo leo huwaleta wageni wengi zaidi bondeni, haikuwemo; iliingizwa katika Olimpiki mwaka 1936.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia iliyoanzia hapo. Mwaka 1998 mwanariadha Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Nagano, Japani, akashiriki mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia na kumkumbatia. Miaka 20 baadaye, katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika skii ya kuteremka mlimani.

Kwa anayefika bondeni leo, shughuli za nje ni nyingi. Maeneo makuu ya skii ni Brévent-Flégère, Grands Montets, Balme na Les Houches. Njia zake hupangwa kwa rangi kama ilivyo desturi nchini Ufaransa: kijani kwa anayejifunza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa mjuzi. Chini bondeni zipo njia tambarare za skii ya mwendo mrefu, viwanja vya kutelezea barafuni na mapito ya kutembea kwa viatu vipana vya theluji. Wapo pia wanaopanda maporomoko ya maji yaliyoganda, kwa shoka dogo mkononi na meno ya chuma chini ya viatu. Majira ya joto yakifika, wageni hutembea kwa miguu, huruka kwa parashuti za mlimani au huzunguka Mont Blanc yote, mwendo wa takribani kilomita 170 unaopita Ufaransa, Italia na Uswisi. Tangu mwaka 2003 njia hiyo ina mashindano ya mbio ambayo wakimbiaji bora huyamaliza kwa takribani saa 20.

Safari inayosimuliwa kuliko zote ni ile ya Vallée Blanche. Msafiri hupanda gari la kebo la Aiguille du Midi, lililofunguliwa mwaka 1955, na kwa takribani dakika 20 hutolewa mjini hadi juu ya mita 3,700. Kutoka hapo huteremka kwa skii karibu kilomita 20 juu ya barafu yenye nyufa. Hiyo si njia iliyotengenezwa: haina alama, haisawazishwi wala kukaguliwa kabla ya kufunguliwa. Urahisi wa kupanda humsahaulisha mtu kwamba ameshushwa katika milima mirefu, mahali ambapo vizazi vilivyotangulia vilifika baada ya siku nzima ya jasho. Ndiyo maana wageni hushauriwa kuongozana na mwongozaji mwenye cheti.

Mfumo wa uokoaji nao ulizaliwa na msiba. Mwishoni mwa Desemba 1956, vijana wawili, Mfaransa na Mbelgiji, walikwama juu ya Mont Blanc katika dhoruba. Hapakuwa na chombo kimoja chenye dhamana ya kuwaokoa. Helikopta iliyotumwa ilianguka karibu nao. Waliokuwa ndani waliokolewa, lakini vijana wale wawili walifariki. Ufaransa nzima ilifuatilia mkasa huo siku hadi siku, na lawama zikawa kubwa. Mwaka 1958 serikali iliunda kikosi maalumu cha jandarma wa milimani chenye makao Chamonix. Leo aliye hatarini hupiga simu namba 112. Uokoaji unaofanywa na vikosi vya serikali mlimani haulipiwi na mwokolewa. Hata hivyo, ndani ya maeneo ya skii sheria inaruhusu kudai gharama, na kwa sababu hiyo bima ni jambo la kuzingatia kabla ya safari.

Lakini si wapanda milima pekee walio hatarini. Tarehe 9 Februari, 1999, baada ya siku kadhaa za theluji nzito, maporomoko makubwa yalishuka juu ya kitongoji cha Montroc na kuua watu 12 waliokuwa majumbani mwao. Baadhi ya nyumba zilizobomolewa zilikuwa katika eneo ambalo ramani rasmi ililitaja kuwa salama. Mwaka 2003 mahakama ilimtia hatiani meya wa wakati huo kwa kutowahamisha wakazi, ikampa kifungo cha nje. Hukumu hiyo ilizua mjadala mkali nchini humo kuhusu kiasi ambacho kiongozi wa mji anaweza kutarajiwa kujua yale ambayo hata wataalamu hawakuyaona. Ramani za hatari zilipitiwa upya, na nyumba zilizoharibiwa hazikujengwa tena mahali pale.

Katika majira ya baridi, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa hutoa kila siku taarifa ya hatari ya maporomoko, kwa kipimo cha 1 hadi 5 kinachotumika Ulaya nzima. Wengi huogopa ngazi ya 5 na kubaki nyumbani. Ngazi inayochukua maisha mengi ni ya 3, ambayo husikika kama ya wastani, ilhali inamaanisha kwamba mtu mmoja tu anaweza kuyaanzisha maporomoko katika miteremko mingi. Anayetoka nje ya njia zilizokaguliwa hutakiwa kubeba vitu vitatu: kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi, fimbo ndefu ya kuchokolea theluji, na koleo. Aliyefukiwa huwa na matumaini makubwa ndani ya dakika 15 za mwanzo. Baada ya hapo hupungua haraka. Kwa kawaida helikopta haiwahi muda huo, hivyo waokoaji wa kwanza ni wenzake waliobaki juu, ikiwa wana vifaa na wanajua kuvitumia.

Kwa sasa kuna badiliko ambalo kanuni za bonde haziwezi kulizuia. Mer de Glace, mto mkubwa kuliko yote wa barafu nchini Ufaransa, unakonda mwaka hadi mwaka kwa sababu ya kuongezeka kwa joto. Treni ya meno ya Montenvers, iliyoanza safari mwanzoni mwa karne ya 20, ilijengwa ili kumfikisha mgeni ukingoni mwa barafu. Barafu iliposhuka, mwaka 1988 ilibidi kuongezwa gari la kebo la kuwateremsha watu hadi kwenye pango linalochongwa ndani yake. Wakati huo hatua chache tu zilitosha kutoka kituoni. Baadaye zilihitajika ngazi zaidi ya 500, na kando yake vibao vyenye miaka vinaonyesha barafu ilipokuwa. Mwaka 2024 lilifunguliwa gari jipya la kebo, mahali pengine, juu zaidi ya bonde hilo la barafu.