Foklifti mpya zinahitaji shofere wa namna gani? Kasongo na Kabambare mbele ya mashine za kisasa

Ndani ya mji wa Kasongo, mizigo mingi bado inashushwa na mabega ya watu. Lori linafika kutoka upande wa Fizi na Ziwa Tanganyika, vijana wanapanga mstari nyuma yake, na mfuko wa simenti wa kilo 50 unapita mgongo kwa mgongo mpaka depo inajaa. Upagazi ni kazi ya zamani huku. Tangu wakati wa Tippu Tip, pembe za ndovu zilitoka Kasongo juu ya mabega mpaka pwani.

Foklifti, ile mashine yenye meno mawili mbele ambayo madepo mengi yanayosema Kifaransa huiita tu “Clark” kwa jina la kiwanda cha Marekani, inaonekana zaidi kwenye bandari za ziwa na kwenye migodi mikubwa. Kabambare ilizoea mitambo mizito kupitia mgodi wa dhahabu wa Namoya, upande wa Salamabila. Kampuni ya Banro kutoka Kanada iliuingiza katika uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, kisha Septemba 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama mdogo. Mgodi wa namna ile hautembei bila foklifti, kwani chokaa, vipuri, matairi makubwa na mapipa ya sianidi hayabebwi mgongoni. Na kila kampuni inapotangaza kwamba inakuja, vijana wanauliza lilelile: nani atakaa kwenye kiti cha mashine, mtoto wa hapa au mtu aliyeletwa kutoka mbali? Mara nyingi jibu linategemea nani anaweza kuonyesha kwamba amefundishwa.

Wengi wanafikiri anayejua kuendesha lori anaweza pia foklifti. Hapo ndipo ajali zinapoanzia. Lori linakata kona kwa magurudumu ya mbele, foklifti inakata kwa magurudumu ya nyuma. Ukizungusha usukani, mkia wa mashine unatupwa nje kwa haraka, na aliyesimama nyuma akihesabu mifuko anabanwa ukutani. Tena, mashine ya kubeba tani 2 na nusu yenyewe ina uzito wa tani 3 na nusu hivi au zaidi. Chuma kile cha nyuma ndicho kinachoshindana na mzigo wa mbele, kama mizani ya sokoni. Mzigo ukishinda, magurudumu ya nyuma yanaachana na ardhi, na kwa kuwa ndiyo yanayokata kona, shofere hana tena usukani.

Kila foklifti ina kibao kinachoonyesha uwezo wake. Kikiandika kilo 2,500 kwa milimita 500, maana yake ni kwamba kitovu cha mzigo kiko nusu mita kutoka pale meno yanapoanzia. Paleti yenye urefu wa mita 1.2 inasogeza kitovu hadi milimita 600, na papo hapo uwezo unapungua kwa zaidi ya kilo 200. Kwa hiyo mifuko 40 ya simenti, yaani kilo 2,000, inapita vizuri. Mkubwa wa depo akisema “ongeza kumi” ili kumaliza haraka, zinakuwa kilo 2,500, namba ileile ya kwenye kibao, na mashine tayari imezidiwa. Mzigo ukipandishwa juu sana, uwezo unashuka tena. Shofere asiyejua kusoma kibao hana la kumjibu mkubwa wake.

Mashine za siku hizi zinakuja na mambo mengine. Nyingi zina skrini, na baadhi zinaonyesha uzito wa mzigo. Kuna zenye kamera juu ya meno, na taa ya buluu inayopiga chini sakafuni kuwaonya wanaotembea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Toyota inauza foklifti zenye vihisio vinavyokaza ekseli ya nyuma pale mashine inapotaka kulala upande. Ni msaada mkubwa, hakuna ubishi. Lakini kihisio hakijui kwamba chini ya udongo mwekundu uliolowa kuna shimo lililofukiwa jana. Foklifti ya kawaida yenye matairi madogo imetengenezwa kwa sakafu ngumu. Kwenye uwanja wa matope inahitajika ile ya matairi makubwa, na kuiendesha ni somo lake. Shofere aliyeambiwa “hii haianguki” ana hatari kuliko yule anayeiogopa kidogo.

Kuna pia suala la batri. Foklifti ya dizeli ndani ya depo lililofungwa inatoa moshi wenye gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ambayo inaua. Ndiyo maana viwanda vingi duniani vinahamia umeme. Batri za zamani, zile za risasi na tindikali, zinaongezwa maji, na wakati wa kuchajiwa zinatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, hivyo chumba lazima kiwe na hewa na hakuna kuvuta sigara. Za lithiamu hazihitaji maji na zinaweza kuchajiwa hata saa ya mapumziko, ila zinataka chaja yake maalum na umeme usioruka-ruka. Mwenye depo wa Kasongo afanye kwanza hesabu ya umeme wake, sola au jenereta, kabla ya kuvutiwa na picha za kwenye simu.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kadi na namba ya siri. Foklifti nyingi mpya haziwaki mpaka shofere aingize namba yake, kisha mashine inaandika nani aliendesha, kwa mwendo gani, na saa ngapi iligonga kitu. Pale ambapo watu watano wanatumia namba moja, anayefukuzwa ni mwenye namba, hata kama siku hiyo alikuwa msibani. Mafunzo yanapaswa kumwambia mfanyakazi waziwazi ni nini kinaandikwa juu yake na nani anasoma.

Nchi nyingine zimeweka kanuni. Marekani, tangu 1999, inataka mafunzo ya darasani na ya vitendo, kisha shofere apimwe tena angalau kila miaka 3, na afundishwe upya akipata ajali, akikaribia kuipata, au akipewa mashine ya aina tofauti. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachogusa teknolojia mpya: miaka kumi juu ya dizeli ya zamani haimwondolei mtu deni la kujifunza ya umeme. Ufaransa cheti chake kinadumu miaka 5. Kwa mtu asiyewahi kugusa mashine, siku tano hivi za mafunzo ni jambo la kawaida.

Kongo pia ina sheria. Sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimu mwajiri kuwafundisha wafanyakazi wake na kuwazoesha kazi. Chombo cha serikali kwa ajili hiyo ni INPP, kilichoanzishwa 1964, ambacho waajiri wanakichangia kulingana na mishahara wanayolipa. Kampuni inayosema haina njia ya kufundisha watu wa Kabambare inaweza kuulizwa mchango wake unaenda wapi. Na shofere akiumia kazini, ajali inatangazwa CNSS, mradi mwajiri amemwandikisha tangu mwanzo.

Kwa aliyekwisha kupanda: mkanda ufungwe. Foklifti ikianza kulala, kila mtu anataka kuruka, na wanaoruka ndio wanaopondwa na paa la mashine. Inafaa kubaki kitini, kushika usukani kwa nguvu, kukaza miguu, na kuinamia upande ule ambao mashine haiangukii. Hilo linafanyiwa mazoezi mashine ikiwa imezimwa, kabla ya siku ya kwanza ya kazi.