Timu ya Qhubeka mwaka 2015, na swali kwetu sisi wa Arusha

Mitihani inabisha hodi hapa chuoni, lakini leo makabrasha nayaweka pembeni kidogo tuongelee baiskeli. Najua ukimtajia chalii wa Arusha habari ya mbio, anawaza miguu tu. Na haki anayo, maana huu ndio mkoa wa Filbert Bayi, mtoto wa Karatu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Ila kuna msimu mmoja wa mbio za baiskeli ambao mwanafunzi yeyote wa historia Afrika Mashariki anapaswa kuujua. Ni msimu wa 2015 wa timu ya MTN-Qhubeka.

Timu hii ilikuwa ya Afrika Kusini, chini ya bosi wake Douglas Ryder. Neno Qhubeka kwa lugha za kule maana yake ni kusonga mbele, na ndilo jina la shirika linalogawa baiskeli kwa watu wanaotembea mbali kwenda shule au kazini. Tayari mwaka 2013 walishaishtua Ulaya, pale Mjerumani wao Gerald Ciolek aliposhinda Milan-San Remo siku ya theluji. Basi Januari 2015 wakaalikwa Tour de France. Haijawahi kutokea kabla ya hapo timu iliyosajiliwa Afrika kukanyaga mashindano yale!

Kati ya waendeshaji tisa waliopelekwa, watano walikuwa Waafrika: watatu wa Afrika Kusini na wawili wa Eritrea, Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus. Kudus alikuwa na miaka 21, mdogo kuliko wote kwenye Tour ya mwaka ule. Umri wetu sisi tunaohangaika na boom hapa.

Teklehaimanot alishapasha moto mwezi Juni kwa kuchukua jezi ya milima kwenye Critérium du Dauphiné. Halafu tarehe 9 Julai, siku ya sita ya Tour, akatoka mbele mapema, akakusanya pointi kwenye vilima vidogo vya pwani ya Ufaransa, na jioni akavishwa jezi nyeupe yenye madoa mekundu. Ni Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa. Akakaa nayo siku nne, mpaka milima mikubwa ilipofika na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akaichukua.

Tarehe 18 Julai, siku ya kuzaliwa Mandela, ikawa zamu ya Mwingereza wao Steve Cummings. Pale Mende, Wafaransa wawili, Pinot na Bardet, walikuwa wanategeana mbele, yeye akawapitia kama daladala la mwisho la usiku. Ushindi huo! Baadaye kwenye Vuelta ya Hispania, Kristian Sbaragli akashinda hatua moja, na Louis Meintjes akamaliza wa kumi kwa jumla. Boasson Hagen naye akabeba Tour of Britain.

Sasa tuje kwenye historia yenyewe. Kwa nini Eritrea, na si sisi? Jibu la haraka la vijiweni ni mwinuko. Asmara iko zaidi ya mita 2,300, sawa. Lakini Arusha nayo iko kama mita 1,400, na juu yetu umesimama Meru wa mita 4,566. Barabara ya kupanda Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu si ya mchezo. Na wale jamaa wanaosukuma pedali na mikungu ya ndizi kwenda soko la Tengeru, mapafu wanayo.

Tofauti ni kwamba Waitaliano waliipeleka baiskeli Eritrea kama mchezo. Wakawabagua wenyeji, hawakutaka washindane nao. Wenyeji wakang'ang'ania, wakaufanya wa kwao. Giro d'Eritrea ilianza mwaka 1946, na mpaka leo mbio za mitaani Asmara ni kama ndondo kwetu. Huku kwetu baiskeli ilibaki chombo cha kazi: ndizi, maziwa, mkaa. Ukipata hela unahamia pikipiki, basi.

Na ile timu iliishia wapi? Wafadhili wakabadilika, jina likabadilika: Dimension Data 2016, NTT 2020, halafu Qhubeka tena 2021. Mwisho wa mwaka huo hela zikakata, timu ikafungwa. Lakini mwaka 2024 Biniam Girmay wa Asmara akashinda hatua tatu za Tour de France na kubeba jezi ya kijani, akiwa na timu ya Ubelgiji. Ndiyo maana nasema timu ni tawi. Mzizi ni zile mbio za mtaani.

Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kigali, jamani, ni jirani zetu! Kwa hiyo wadau, kabla hatujaanza kulilia wafadhili, tuanze na kitu kidogo: mbio moja kila mwezi, Usa River hadi Tengeru na kurudi, na wabeba ndizi waruhusiwe kuingia. Mimi dau langu naliweka kwao.