Rayon Sports na kurejea Nyanza
Rayon Sports ni klabu ya soka ya Rwanda iliyoanzishwa Nyanza, Mkoa wa Kusini, mwaka 1968. Baadaye ilihamia Kigali, mji mkuu. Mwaka 2012 ilirejea Nyanza kwa makubaliano na wilaya hiyo, ikatwaa ubingwa wa ligi msimu wa 2012/13, kisha ikahamia tena Kigali. Tofauti na Nyanza iliyoachwa na klabu yake, wilayani Rubavu klabu za Etincelles na Marines hutumia uwanja mmoja, Umuganda wa mjini Gisenyi, uliochezewa mechi za CHAN 2016, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Mfano wa Kanada wa timu kuhama mji ni mji wa Winnipeg: ulipoteza timu yake ya hoki ya barafuni mwaka 1996, ukapata nyingine kutoka Atlanta mwaka 2011.