Mkalimani wa Lambaréné: lugha na ujira katika hospitali ya hisani, 1913–1917

Zinapotajwa hospitali za hisani katika Afrika ya Kati, Lambaréné hutajwa mwanzo, na pamoja nayo jina la Albert Schweitzer. Alizaliwa Kaysersberg, katika Alsace, mwaka 1875, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Wajerumani. Alikuwa mchungaji, mwalimu wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Strasbourg na mpiga kinanda mashuhuri, kisha, akiwa na umri wa miaka 30, akaanza kusomea udaktari. Mnamo Aprili 1913 yeye na mkewe Helene Bresslau, aliyekuwa amejifunza uuguzi, walifika kwenye mto Ogooué, nchini Gabon, na masanduku 70 ya dawa na vifaa. Misioni ya Kiprotestanti ya Paris iliwapa makao katika kituo chake cha Andende, pasipo kuwalipa, na kwa sharti kwamba daktari asihubiri, kwa kuwa mafundisho yake juu ya Yesu yalitiliwa shaka na wakubwa wa misioni.

Hayo yamesimuliwa mara nyingi. Ila kuna swali ambalo wasimulizi hulipita upesi, nalo ni la lugha: mgeni huyu aliyekatazwa kuhubiri alisemaje na wagonjwa wake?

Kwa kweli hakusema nao. Wengi walikuwa Wagaloa na Wafang, hao ambao Wafaransa waliwaita Wapahouin, na katika miaka yake yote ya Gabon Schweitzer hakupata kuzimudu lugha zao. Mwalimu mmoja aitwaye N'Zeng alikuwa ameahidiwa kuwa mkalimani wake. Lakini siku za kwanza hakuonekana, maana alikuwa kijijini kwao akifuata shauri la urithi. Wagonjwa hawakumngoja. Walikuja kwa mitumbwi kutoka mbali, wakaanza kutibiwa nje ya nyumba, kisha katika banda lililokuwa la kuku, lililopakwa chokaa na kutiwa rafu za dawa. Katika miezi tisa ya mwanzo walikaribia 2.000.

Miongoni mwao alikuwamo Joseph Azoawani, Mgaloa aliyekuwa mpishi wa Wazungu. Alikuja kutibiwa, akabaki kufanya kazi. Alijua lugha nane za Kiafrika, tena Kifaransa na Kiingereza cha kutosha. Hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, alipotumwa kuleta dawa hakukosea chupa, kwa sababu aliyashika maandishi ya kibandiko kwa umbo lake, kama mtu anavyoshika sura ya jirani. Kifaransa alikuwa amekipata jikoni, na viungo vya mwili alivijua kwa majina ya bucha: paja la mgonjwa likawa paja la kondoo, na kiuno kikawa sarara. Schweitzer aliyaandika hayo kwa kuchekesha, na wasomaji wa Ulaya wakacheka. Anayejua jinsi Kiswahili cha Lubumbashi kilivyokua katika kambi za wafanyakazi wa migodi hatakuwa na haraka ya kucheka. Mtu huijua lugha ya mwenye nguvu kupitia kazi aliyopewa kwake.

Kila asubuhi Joseph aliwatangazia waliokuwa wakingoja amri sita za daktari, sentensi kwa sentensi, kwa Kigaloa na kwa Kifang. Ilikatazwa kutema mate karibu na nyumba ya daktari na kupiga kelele. Kila mmoja aje na chakula cha siku nzima. Asiyepewa ruhusa asilale kituoni. Chupa na mikebe ya dawa irudishwe. Na katikati ya mwezi, kuanzia meli ipandapo mto mpaka itakaporudi, wasije ila walio mahututi, kwa sababu daktari huwa anaandika barua za kuagiza dawa Ulaya. Amri hizo mbili za mwisho zinaeleza uchumi wa hospitali kuliko hotuba yoyote: chupa ilikuwa mali, na kila dawa ilitegemea meli na ukarimu wa watu wa mbali. Kila mgonjwa alipewa kibao cha namba avae shingoni. Wengi walikiona kuwa hirizi, na tafsiri hiyo haikutoka kwa daktari.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Hospitali ya hisani ina hesabu za aina mbili. Mgeni mwenye kujitolea hategemei hospitali kwa riziki yake. Marafiki, vitabu na makonseti viko nyuma yake. Mwenyeji anayefanya kazi naye anategemea ujira. Joseph alilipwa faranga 70 kwa mwezi, pungufu ya alizopata alipokuwa mpishi huko Cape Lopez, ambayo leo ni Port-Gentil. Mnamo Agosti 1914 vita viliingia. Schweitzer na mkewe, kwa kuwa ni raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa, waliwekwa kizuizini nyumbani mwao kwa miezi kadhaa. Msaada wa Strasbourg ulikatika, madeni yakaanza, na ujira wa Joseph ukashushwa hadi faranga 35.

Joseph akaacha kazi. Sababu aliyoitoa ilikuwa heshima yake: haikumruhusu kutumika kwa kiasi kidogo hivyo. Schweitzer aliieleza habari hiyo kwa masikitiko, akaongeza kwamba akiba ya Joseph, karibu faranga 200 zilizowekwa kwa ajili ya mahari, iliisha kwa majuma machache katika anasa. Aliyekatiwa nusu ya ujira ndiye aliyeonekana mpotevu wa fedha! Huenda daktari hakuwa na njia nyingine, maana kisanduku chake kilikuwa kitupu kweli. Lakini kukubali umaskini kwa hiari si sawa na kukatiwa posho.

Mnamo 1917 wageni hao walichukuliwa Ufaransa wakiwa mateka wa vita. Schweitzer alilipa madeni kwa mihadhara na makonseti, hasa huko Sweden kuanzia 1920, na akarudi Lambaréné mwaka 1924. Tangu hapo waliojitolea hawakukoma kuja: Mathilde Kottmann na Emma Haussknecht, wauguzi, Victor Nessmann, daktari, na wengine wengi hata baada ya kifo cha mwanzilishi mwaka 1965. Majina yao yamo katika barua na picha.

Joseph yeye hakuacha barua. Maneno yake juu ya heshima aliyasema kwa Kifaransa cha jikoni, mwajiri wake akayaandika katika kitabu cha Kijerumani kilichotoka mwaka 1921, na kitabu hicho kilichangia fedha za kuifufua hospitali.