Deni Letu kwa Askari, Wapagazi na Jamaa Zao



Kila mwaka kitabu hiki huonyesha hesabu ya mapato na matumizi ya chama. Mwaka huu imeonekana ni vema iwekwe pia hesabu ya deni la zamani lisilolipika kwa fedha: deni letu kwa wale waliokwenda vitani, na kwa wale waliobaki nyumbani wakiwangoja.

Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika ya Mashariki mwaka 1914, askari wake walipigana na majeshi ya Wajerumani ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, tangu mpakani hata Msumbiji, mpaka jenerali huyo alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia.

Lakini askari hapigani bila chakula na risasi. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Basi mzigo ukawekwa kichwani pa mwanadamu. Ndiyo asili ya jeshi la wapagazi, ambalo Waingereza waliliita Carrier Corps, na jina hilo limebaki katika mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Tangu mwaka 1915 sheria iliruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu, na mwaka 1917 walichukuliwa wengi mno, hata vijiji vingine vikabaki na wazee, wanawake na watoto. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi walikuwa kama milioni moja, kutoka nchi mbalimbali, na vifo vilivyokubaliwa katika hesabu za Serikali vyapata 95,000. Wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, na kwa kula unga wa mahindi wasiouzoea, ambao mara nyingi haukupikwa ukaiva.

Waliobaki nyumbani nao walikuwa na mzigo wao. Mke wa mpagazi alilima peke yake na kulea peke yake. Kisha mwaka 1918 ukaja ukame, na pamoja nao homa kuu ya mafua. Mshahara wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao, kwa kuwa majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa. Na mwaka 1919 askari wa Kizungu walipogawiwa mashamba katika nchi hii, askari Mwafrika na mpagazi hawakupewa kitu katika mgawo ule.

Hata hivyo, katika Vita Kuu ya Pili Wakenya wapatao 98,000 walitumika jeshini. Walipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw, nchini Burma, katika mvua na matope, na mwezi wa Desemba wakafika mto Chindwin na kuuvuka. Wengine hawakufika. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na Wajapani tarehe 12 Februari 1944. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1928 sanamu za askari na mpagazi zilisimamishwa Nairobi, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyeipigania nchi yake. Lakini pale hapana jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, na kuomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile ya kwanza, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ilisema pia kwamba huenda wakafika 350,000.

Waswahili husema ahadi ni deni. Ahadi ya sanamu ile ilitolewa kwa niaba ya wana, nasi ndio wana na wajukuu. Waliokwenda mwaka 1914 hawako tena, na wa mwaka 1939 wamebaki wachache mno. Wanaoyajua majina ni wazee waliomo katika chama hiki. Kwa hivyo kila mwanachama aombwa amwulize mzee wa nyumba yake, kisha alete kwa katibu jina la aliyekwenda, ukoo wake na kijiji chake, na mahali alipofia ikiwa panajulikana. Pamoja na hayo aandike jina la mke au mama aliyebaki akiitunza nyumba, maana naye alitumika. Majina hayo yatiwe katika daftari la chama, yasomwe katika mkutano wa kila mwaka, wote wakiwa wamesimama.