Mafundi wa Odenwald: Historia Fupi ya Joest Racing

Ukisoma orodha ya washindi wa Saa 24 za Le Mans utakuta majina ya madereva, na pembeni yake majina ya viwanda: Porsche, Ferrari, Jaguar, Audi. Jina la Joest limefichika humo. Joest hakuwa na kiwanda. Alikuwa na karakana, na karakana hiyo imeshinda Le Mans mara 15, idadi ambayo hakuna timu nyingine iliyoifikia. Historia hii fupi imeandikwa kuwaenzi waliofanya kazi ndani yake: waliofunga na kufungua nati, waliopiga hesabu za mafuta, waliokesha.

Reinhold Joest alizaliwa mwaka 1937 nchini Ujerumani, na kabla ya kuwa mwenye timu alikuwa dereva, tena dereva hodari. Aliianzisha Joest Racing mwaka 1978 huko Abtsteinach, kijiji kilichoko kwenye vilima vya Odenwald, kusini mwa jimbo la Hesse. Baadaye timu ilihamia Wald-Michelbach, jirani tu na hapo. Mwaka 1980 alishinda Saa 24 za Daytona, Marekani, kwa Porsche 935 ya timu yake, akipokezana usukani na Rolf Stommelen na Volkert Merl. Mwezi Juni mwaka huohuo alimaliza wa pili Le Mans akiwa na Jacky Ickx katika Porsche 908/80. Mwenye timu aliyewahi kuendesha usiku wa manane huku akisikia giaboksi inaanza kulia hahitaji kuelezwa kwa nini bolti moja iliyolegea ni jambo kubwa.

Miaka hiyo Porsche ilikuwa na timu yake ya kiwanda, na wakati huohuo iliuza magari ya mbio kwa timu binafsi. Joest alikuwa mmoja wa wanunuzi. Gari la Porsche 956 alilouziwa lilikuwa aina ileile waliyouziwa wenzake, na mara nyingi kiwanda chenyewe kilikuwa tayari kinaendesha jipya zaidi. Kilichobaki mikononi mwa mnunuzi ni kulitunza, kuinoa injini yake na kulipangia mafuta. Hapo ndipo mafundi wa Odenwald walipojipatia jina.

Mwaka 1984 gari lao namba 7, likiendeshwa na Henri Pescarolo na Klaus Ludwig, lilishinda Le Mans. Timu ya kiwanda haikuwepo; Porsche ilikuwa imesusia mbio hizo kwa sababu ya mabishano kuhusu kanuni za mafuta. Ilikuwa rahisi kwa mtu kusema kwamba paka ameondoka na panya wametawala. Mwaka 1985 kiwanda kikarudi na 962C mpya. Joest akarudi na gari lilelile la mwaka uliotangulia, chasisi namba 117, na akashinda tena.

Kwa maoni yangu ushindi huo wa 1985 unaieleza timu hii kuliko ushindi mwingine wowote. Katika mbio za Group C, daraja la magari hayo wakati huo, hakuna aliyezuiwa kuwa na injini yenye nguvu. Kilichowekewa mpaka ni mafuta. Kila gari lilipewa mgao wa lita kwa mbio nzima, na mwaka huo mgao ulipunguzwa kwa asilimia 15. Dereva aliyekanyaga bila hesabu aliongoza alasiri na kukaukiwa alfajiri. Klaus Ludwig alipokezana uongozi na gari la timu nyingine binafsi, ile ya Richard Lloyd, kila moja likijificha nyuma ya mwenzake ili lisipambane na upepo peke yake. Kila walipopita, watu wa Joest waliokuwa kwenye kituo cha huduma walipiga hesabu upya: lita zilizotumika, lita zilizobaki, saa zilizobaki. Wenzake Ludwig walikuwa Paolo Barilla na mfanyabiashara aliyekimbia kwa jina la kubuni la “John Winter” ili mama yake asijue. Gari la Lloyd lilimaliza la pili, na 962C ya kiwanda ikaambulia nafasi ya tatu. Gari lililoshinda halikuwa jipya. Lilikuwa limefunguliwa lote na kufungwa tena na watu wanaolijua.

Miaka 11 baadaye yakatokea mambo yanayofanana na hayo kwa namna ya kustaajabisha. Porsche ilikuwa na magari ya WSC-95, yaliyojengwa na kampuni ya TWR ya Uingereza kutokana na Jaguar ya zamani na kupachikwa injini ya Porsche. Yalikusudiwa kwa mbio za Marekani, kanuni zikabadilishwa, yakaachwa. Joest aliyaomba ayapeleke Le Mans mwaka 1996. Porsche ilimkubalia, huku matumaini yake yote yakiwa kwenye 911 GT1 za timu yake yenyewe. Gari lililoachwa, likiwa na Davy Jones, Manuel Reuter na Alexander Wurz aliyekuwa na umri wa miaka 22, liliishinda GT1 kwa mzunguko mmoja. Mwaka 1997 chasisi ileile ilirudi na kushinda tena. Safari hii iliendeshwa na Michele Alboreto, Stefan Johansson na kijana wa Denmark aliyefika Le Mans kwa mara ya kwanza, Tom Kristensen. GT1 ya mwisho ya kiwanda ilishika moto ikiwa inaongoza, zikiwa zimebaki saa chache tu.

Nitaje kwa haraka kwamba katika mwaka huohuo wa 1996 timu hii iliendesha pia Opel Calibra katika mashindano ya ITC, ya magari yenye umbo la gari la kawaida la barabarani, na Manuel Reuter akawa bingwa. Dereva mmoja na karakana moja walitwaa mataji mawili makubwa ya aina mbili tofauti kabisa za mbio ndani ya msimu mmoja.

Audi ilipoamua kwenda Le Mans mwaka 1999 haikuanza kutafuta mafundi mmoja mmoja. Ilikwenda Odenwald. Mbio za kwanza zilileta nafasi ya tatu na ya nne, na somo kubwa: gari la saa 24 libuniwe tangu mwanzo likijulikana kwamba litaharibika. Audi R8 ya mwaka 2000 ilitokana na somo hilo. Sehemu yake yote ya nyuma, yaani giaboksi, suspensheni na breki za nyuma, iliweza kutenganishwa na injini kwa mkupuo. Mabomba yalikuwa na viungio vinavyojifunga vyenyewe ili mafuta yasimwagike. Gari likija na giaboksi iliyokufa, mafundi waliingia kila mtu na bolti zake, wakaivuta nje sehemu ya nyuma nzima na kusukuma ndani nyingine iliyokamilika. Kazi ambayo kwa timu nyingine ilikuwa ya saa nzima au zaidi, wao waliimaliza kabla dakika kumi hazijatimia. Aliyewahi kufuatilia Safari Rally ya zamani, na kuona mafundi wakilivamia gari kando ya barabara ya vumbi, atalitambua jicho lile la mtu anayejua mkono wake uende wapi bila kuambiwa.

Enzi hizo kituo cha huduma cha Le Mans kilikuwa na adabu yake. Gari linasimama, injini inazimwa. Dereva anafungua mikanda na kuchomoka huku mwenzake akisubiri mlangoni, na msaidizi anainama kumbana mikanda huyu anayeingia. Mjazaji mafuta, aliyevaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto, anachomeka bomba. Mwingine anasimama na kizima moto mkononi, macho hayabanduki kwenye bomba. Wakati huo wa kujaza hakuna aliyeruhusiwa kugusa tairi. Bomba likishatoka ndipo bomba la hewa linachomekwa, jeki zilizojengwa ndani ya gari zinaliinua, na wenye spana za hewa wanakimbia. Ndiyo maana Joest na Audi walijifunza kuzifanya tairi zilezile zivumilie hata kujaza mafuta mara nne: tairi usiyoibadilisha haikupotezei hata sekunde.

R8 za Joest zilishinda mwaka 2000, 2001 na 2002, zote zikiendeshwa na Frank Biela, Emanuele Pirro na Tom Kristensen. Ushindi wa katikati ulikuja na msiba. Tarehe 25 Aprili 2001 Michele Alboreto, yuleyule aliyeshinda na timu hii mwaka 1997, alifariki akiifanyia R8 majaribio katika uwanja wa Lausitzring baada ya tairi kupasuka. Haukupita hata muda wa miezi miwili, watu wale walewale waliomfunga Alboreto mikanda wakawa Le Mans wakiwafunga mikanda wenzake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote zilizowahi kufanywa na timu hii.

Mwaka 2006 gari jipya la Audi, R10, likawa la kwanza la dizeli kushinda Le Mans, na 2007 likarudia. Mwaka 2008 Peugeot walikuwa na kasi zaidi, tena kwa sekunde kadhaa kila mzunguko. Joest waliwasubiri kwa utulivu, wakapunguza makosa, wakasoma mvua ya usiku vizuri kuliko wao, na Kristensen, Allan McNish na Dindo Capello wakashinda kwa tofauti ya zaidi ya dakika nne. Mwaka 2010 Peugeot walikuwa tena na kasi, injini zao zikafa, na Audi namba 9 ikamaliza ikiwa imekwenda kilomita 5,410.713, umbali uliovunja rekodi iliyodumu tangu 1971.

Mwaka 2011 magari mawili kati ya matatu ya Audi yaligongwa na kuvunjikavunjika, moja katika saa ya kwanza na jingine usiku. Likabaki moja dhidi ya Peugeot kadhaa. Mhandisi wake alikuwa Leena Gade, Mwingereza mwenye asili ya India. Yeye ndiye aliyezungumza na madereva redioni, akiamua lini waingie, wajaze kiasi gani, tairi zipi zibaki. Baada ya saa 24, André Lotterer alivuka mstari akiwa mbele kwa sekunde 13.854. Gade akawa mwanamke wa kwanza kuwa mhandisi wa gari lililoshinda Le Mans, na akarudia mwaka 2012, gari la haibridi liliposhinda kwa mara ya kwanza, na tena 2014.

Mwaka huo wa 2014 unastahili kukumbukwa kwa sababu ya usiku mmoja wa Jumatano. Katika mazoezi Loïc Duval aliruka na kugonga ukuta, na kilichorudi gereji hakikuwa gari tena. Mafundi walianza na chasisi tupu, wakajenga gari zima kwa muda usiofika siku moja, na Alhamisi likawa barabarani. Mwishoni mwa wiki gari hilo lilimaliza la pili. Lile lililoshinda, la Gade, lilibadilishiwa turbo katikati ya mbio kwa muda usiofika nusu saa. Injini ikiwa ingali ya moto kiasi cha kuchoma ngozi, mikono iliingia humohumo.

Oktoba 2016 Audi ilitangaza kuacha mbio za masafa marefu, Le Mans ikiwemo. Mwezi uliofuata, huko Bahrain, magari yake mawili yalimaliza mbio za mwisho yakiwa ya kwanza na ya pili. Joest wakafunga masanduku ya vifaa na mwaka 2018 wakaenda Marekani na Mazda, ambayo ilikuwa imejitahidi kwa miaka na gari lake bila kushinda. Juni 2019, katika mbio za saa sita za Watkins Glen, gari hilo lilishinda kwa mara ya kwanza, na mbio mbili zilizofuata likashinda pia. Mwanzoni mwa 2020 mkataba ulivunjwa. Mwaka 2021 watu wa Wald-Michelbach walirudi Le Mans wakihudumia magari ya Glickenhaus, timu ndogo ya Marekani; mwaka 2022 mojawapo ya magari hayo lilimaliza la tatu.