Umio usisahaulike wanaume wa Kabianga wanapopimwa afya

WANAUME wengi katika vilima vya majani chai vya Kabianga, Kaunti ya Kericho, hufika hospitalini mwili ukiwa umekwisha kulemewa. Mwanamke hukutana na wauguzi tangu aanze kliniki ya wajawazito. Mumewe hana mlango kama huo, hivyo anaweza kutimiza miaka hamsini bila kupimwa shinikizo la damu hata mara moja.

Tatizo hili ni la nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kwamba asilimia 56 ya watu wazima waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu, na takriban asilimia 88 hawakuwa wamepimwa sukari.

Vipimo hivyo viwili ndivyo mwanzo, pamoja na uzito, kiuno, mkojo, mafuta ya damu na virusi vya Ukimwi. Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, likirudiwa siku tofauti na kubaki hapo, huhitaji matibabu hata kama mhusika hajisikii mgonjwa. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2018 unapendekeza utumbo mpana uchunguzwe kuanzia miaka 45. Kuhusu tezi dume, kipimo cha damu cha PSA hakitoi hukumu: kiwango hupanda pia kwa sababu ya maambukizi au tezi kukua kwa umri. Mwenye baba au ndugu aliyeugua saratani hiyo azungumze na daktari mapema.

Hata hivyo, orodha hiyo ingefaa mji wowote. Kericho na Bomet zina jambo lao: saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu ni wa kawaida mno katika eneo hili, na Hospitali ya Tenwek, Bomet, imewahi kuripoti wagonjwa wasiozidi miaka 30. Mtu anapoanza kukwamwa na ugali, kisha uji, mara nyingi uvimbe umekwisha kuenea, na daktari hubaki kumwekea mrija wa waya ili aweze kumeza.

Kabla ya hapo ipo nafasi. Watafiti wa Tenwek waliwachunguza watu 305 wasio na dalili yoyote, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba takriban mmoja kati ya saba alikuwa na chembe zilizoanza kubadilika. Daktari huingiza mrija wenye kamera na kunyunyiza iodini. Ngozi nzima ya umio hugeuka kahawia, iliyoharibika hubaki bila rangi. Sehemu hiyo huweza kuondolewa bila kupasua kifua.

Chanzo hakijabainika kikamilifu. Tumbaku na pombe hutajwa. Vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi viliorodheshwa mwaka 2016 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa huenda vinasababisha ugonjwa huu, na hapa chai hunywewa ikifuka moshi. Mursik nayo imechunguzwa kwa sababu ya kemikali ya asetaldihaidi, ingawa haijathibitishwa kuwa ndiyo mkosaji.

Si kila mwanamume anayehitaji kamera hiyo. Lakini aliyempoteza mzazi au ndugu kwa ugonjwa huu aitaje habari hiyo kwa daktari bila kungoja kuulizwa, kwani vifurushi vya uchunguzi vinavyouzwa mijini kwa kawaida havigusi umio, hata vikiitwa kamili. Na anayekwamwa na chakula, hata mara mojamoja, asinunue dawa ya vidonda vya tumbo dukani. Aende siku hiyohiyo.